Printa Moja Inapozima Ofisi Nzima: Kiendeshi Kibovu kwenye Seva ya Uchapishaji

Tuchukue mfano wa shule iliyoko Magara, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Ni wiki ya mitihani. Shule ina printa tatu, na zote hupokea kazi kupitia kompyuta ya katibu, ambayo kwa hiyo ndiyo seva ya uchapishaji. Mwalimu wa Kiswahili anatuma mtihani wake kwenye printa mpya, karatasi haitoki. Baadaye kidogo mwalimu wa hisabati anatuma wake kwenye printa ya zamani, ambayo jana ilikuwa nzima, nayo kimya. Watu huanza kukagua nyaya na wino, ilhali aghalabu ugonjwa hauko huko.

Kwanza istilahi. Kompyuta zinazozungumza Kifaransa huiita programu inayohusika "pilote", na anayetafsiri neno kwa neno atatuletea rubani. Wanaotumia kompyuta za Kiingereza hutuletea dereva. Makala haya yatatumia "kiendeshi", ingawa kwa maoni yangu "mkalimani" lingeeleza kazi yenyewe vizuri zaidi. Printa haielewi ukurasa wa Word. Inaelewa lugha zake, kama PCL au PostScript, na kiendeshi ndicho kinachofasiri.

Mkalimani huyu hana ofisi yake. Windows ina programu moja inayopokea nyaraka zote, kuzipanga foleni na kuzipeleka kwenye printa. Tuiite spula, faili lake ni spoolsv.exe. Kwa desturi ya zamani kila kiendeshi huingia ndani ya spula na kufanya kazi humo. Kikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, spula nzima huanguka, na foleni za printa zote huanguka nayo. Ndiyo maana mwalimu wa hisabati anaadhibiwa kwa kosa la printa ambayo hakuitumia. Na hapo kuna nafuu: katika Windows NT 4.0 ya mwaka 1996, viendeshi viliwekwa kwenye kiini cha mfumo, hivyo kosa liliweza kuzima kompyuta yenyewe kwa skrini ya buluu.

Kinachowachosha watu zaidi ni kuanguka kunakojirudia. Unawasha spula, inasimama kwa sekunde chache, inakufa tena. Waraka uliosababisha ajali bado uko kwenye diski. Spula ikiamka huuchukua na kumpa mkalimani yuleyule. Kuzima kompyuta na kuiwasha hakusaidii. Umeme ukikatika waraka ukiwa katikati ya kuandikwa, faili bovu linaweza kubaki humo vilevile.

Dawa ni hii. Fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, uandike net stop spooler. Nenda kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, uhamishe mafaili yote yenye mkia wa SPL na SHD, kisha uandike net start spooler. Waambie wenzako kabla, kwa kuwa kazi zote zilizokuwa zikisubiri zitapotea na itabidi zitumwe upya. Jambo jingine, na hili walimu hulisahau: faili la SPL lina maandishi ya waraka wenyewe. Ukilihamishia kwenye flashi ya mtu, umetoa mtihani nje ya shule. Lihifadhi ndani ya seva, na ulifute mkishamaliza.

Sasa mtafute mkosaji. Andika eventvwr, ufungue kumbukumbu za programu, utafute kosa linalotaja spoolsv.exe. Chini yake hutajwa moduli iliyokosea, yaani faili lenye mkia wa dll. Angalia sifa za faili hilo; mara nyingi utakuta jina la kampuni iliyotengeneza printa. Likiwa ni ntdll.dll au faili jingine la Windows, usihukumu haraka. Mnamo Machi 2021 ni sasisho la Windows lenyewe lililoleta skrini ya buluu kwa watu waliochapisha kwenye baadhi ya printa za Kyocera, Ricoh na Zebra, na Microsoft ikalazimika kutoa marekebisho mwezi huohuo.

Ukishampata, ondoa kwanza printa inayomtumia, halafu andika printui /s /t2 na ufute kiendeshi pamoja na kifurushi chake. Mfumo ukidai kwamba bado kinatumika, zima spula, iwashe, na ujaribu mara moja kabla hakijapakiwa tena. Kisha weka kipya kutoka kwa mtengenezaji, hasa kile cha jumla kinachohudumia printa nyingi za kampuni moja.

Ikiwa hakuna kipya, mtenge. Tangu Windows 7 na Windows Server 2008 R2, zote za mwaka 2009, kiendeshi kinaweza kuwekwa katika chumba chake, kando na spula. Fungua printmanagement.msc, ambayo imo katika matoleo ya Pro, ubofye kiendeshi kwa kitufe cha kulia na uchague kukitenga. Kikianguka, kitaanguka peke yake, na mwalimu wa hisabati ataendelea na kazi yake. Si viendeshi vyote vinavyokubali kutengwa, kwa hiyo kijaribu kwa kurasa chache kabla ya kuchapa mtihani wa darasa zima.

Baada ya hapo kompyuta za walimu zinaweza kudai nywila ya msimamizi zinapotaka kuchukua kiendeshi kipya kutoka kwenye seva. Hiyo si hitilafu. Katikati ya mwaka 2021 ilibainika kwamba wahalifu wangeweza kupitia spula kuitawala kompyuta, na mwezi Agosti Microsoft ikawazuia watumiaji wa kawaida kuweka viendeshi kwa njia hiyo. Aliye na nywila apite kwenye kila kompyuta mara moja, ikiwezekana kabla ya wiki ya mitihani.