Mayai Yalalayo Matopeni: Usingizi wa Viumbe wa Majini na Manufaa Yake

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii yaafiki hali ya madimbwi ya Moi's Bridge, mji ulio kwenye barabara ya Eldoret kuelekea Kitale. Kiangazi kifikapo, madimbwi hukauka na tope likapasuka. Mvua inyeshapo, viumbe wadogo huonekana wakiogelea humo baada ya siku chache tu. Je, hutoka wapi?

Miongoni mwao ni dafnia, jamaa ya kamba, ambaye urefu wake hauzidi milimita chache. Maisha ya majini yanapokuwa magumu, jike hutaga mayai ya pekee, aghalabu mawili, ndani ya ganda gumu lenye umbo la tandiko la farasi. Kiinitete husitisha ukuaji wake kikingojea maji, mwanga na joto lifaalo. Kusema kwamba kimebweteka ni kukionea. Neno 'usingizi' lafaa zaidi, kwani alalaye huamka. Baadhi ya mayai huanguliwa msimu ufuatao. Mengine hubaki matopeni kwa makumi ya miaka.

Kwa mwanasayansi, tope hilo ni maktaba. Mwaka wa 2006, Joachim Mergeay, Dirk Verschuren na Luc De Meester walichapisha utafiti uliohusu Ziwa Naivasha. Kwa kuchunguza chembe za urithi za mayai yaliyozikwa katika tabaka za tope, walibainisha kwamba dafnia wa asili ya Marekani aliingia humo miaka ya 1920, yaelekea pamoja na samaki walioletwa kutoka huko. Katika muda wa miaka 60, ukoo huo mmoja, uzaanao bila dume, ulikuwa umewang'oa jamaa zake wenyeji.

Kwa mfugaji wa samaki, usingizi huu ni riziki. Mayai makavu ya atemia, kamba wadogo wa maji ya chumvi, huhifadhiwa mikebeni, kisha huanguliwa kwa takribani siku moja na kulishwa vifaranga vya kambare. Atemia waliletwa katika mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi miaka ya 1980. Hata katika bwawa la kawaida, dafnia waamkao matopeni ni chakula cha vifaranga.

Hivyo basi, akaushaye kinamasi ili apande mahindi hupoteza akiba ya uhai pamoja na kumbukumbu ya mahali hapo. Kabla ya kulifukia dimbwi, yafaa tuulize ni nani waliolala ndani yake.