Mbao za Paa la Kigango Zatoka Wapi?

Tangu Daraja la J. P. Magufuli lizinduliwe Juni 19, 2025, msafiri wa Kigongo hadi Busisi hangoji tena kivuko. Malori ya mbao nayo hupita upesi. Kigango kinachojiandaa kuezeka kanisa upande wa Sengerema hakina budi kuuliza kwanza: mbao hizi zimetoka wapi?

Swali hilo si la serikali peke yake. Katika Waraka wake wa “Laudato si’” wa mwaka 2015, juu ya utunzaji bora wa nyumba ya wote, Baba Mtakatifu Fransisko alikiunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Mninga na mvule wa msitu wa asili huchukua miongo mingi kukomaa. Kwa kenchi zitakazofichwa na dari, hatuoni sababu ya kuiangusha miti hiyo. Misindano ya kupandwa inatosha, nayo i karibu: shamba la Buhindi huko Buchosa na la Rubya kisiwani Ukerewe, yote chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mnunuzi adai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Mbao zisizo na hati, hata zikiletwa kama sadaka, zisipokelewe.

Uhalali huo haukaushi ubao, hata hivyo. Kamati nyingi za ujenzi, zikikimbizana na sikukuu ya msimamizi wa kigango, hupigilia mbao mbichi. Zikikauka hujipinda, misumari hulegea, bati huvuja, na miti mingine hukatwa. Zipangwe kivulini, vijiti vikitenganisha kila tabaka ili upepo upite. Ubao mmoja upimwe uzito kila juma. Uzito ukikoma kupungua, umekauka. Ndipo zipakwe dawa ya mchwa.

Lakini miti mingi ya jengo haionekani kabisa: imeungua ndani ya tanuri la matofali. Kigango chaweza kununua mbao halali na bado kikateketeza kichaka kizima kwa ajili ya kuta. Matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo vilivyoshindiliwa kwa mashine, hayachomwi. Hukomazwa kivulini kwa kumwagiliwa maji. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umekuwa ukiyahimiza. Mashine moja ya mkono yaweza kuzungushwa katika vigango vyote vya parokia, vijana wa jumuiya ndogo ndogo wakiwa mafundi wake.