Mji Mkongwe wa Unguja na Ulimi wa Mwongozaji

Watu wengi wa bara, na hata wa visiwani wenyewe, hudhani kwamba kutembezwa mjini ni shughuli ya wageni wa Ulaya wenye kofia pana na kamera shingoni, na kwamba mtu ajuaye Kiswahili na mwenye miguu mizima hana haja ya kuongozwa katika vichochoro vya Unguja. Dhana hiyo si sahihi, na hasara yake ni kubwa kuliko ujira wa mwongozaji. Maana Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, si mji ujielezao wenyewe. Vichochoro vyake havikunyooka, vibao vyake ni haba, na nyumba yenye kisa kizito aghalabu hufanana na jirani yake isiyo na kisa hata kidogo. Mtu aweza kupita Shangani mbele ya nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa lakabu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye misafara yake ilifika Kongo na ambaye aliacha tarikhi ya maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki mwaka 1905, na mpita njia huyo asigeuze hata shingo, kwa sababu hakuwapo wa kumwambia asimame.

Matembezi ya kawaida huanzia Forodhani asubuhi, jua lingali pole, mbele ya Ngome Kongwe ambayo Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na ubavuni mwake ndipo iliposimama Beit al Ajaib, jumba ambalo Sultani Sayyid Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya fahari na sherehe. Jumba hilo lilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, walakini halikunusurika uchakavu: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili. Mwongozaji hodari hawezi kuficha jambo hilo, wala haifai alifiche. Bali hulifanya kuwa mlango wa kueleza namna mji mzima ulivyojengwa, kwamba kuta hizi nene ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, kwamba dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifungwa na urefu wa boriti. Kuta za namna hiyo hudumu karne nzima zikitunzwa, lakini paa likivuja na mvua ikapenya, huanza kuliwa kwa ndani huku nje zikionekana salama.

Milango ndiyo ipigwayo picha nyingi zaidi, nami siwalaumu wapigao. Mwenye maarifa hukuonyesha kwamba mlango wenye kizingiti kilichonyooka na nakshi za maandishi ya Kiarabu kwa kawaida ni wa zamani zaidi, na ule wenye tao juu umeathiriwa na mafundi na matajiri kutoka Bara Hindi. Asiye na maarifa hukuambia kwamba misumari ile mikubwa ya shaba iliwekwa kuzuia tembo wasivunje nyumba, na mgeni huondoka na habari hiyo akiwa radhi kabisa, bila kujiuliza ni tembo gani waliopata kuzurura katika mitaa ya Malindi na Kiponda. Misumari hiyo huko Uhindini ilikuwa na kazi yake. Hapa ilikuwa pambo na alama ya utajiri. Uongo mdogo wa namna hii haumdhuru mtu, lakini upo uongo mwingine ambao hauna udogo.

Huo hukutana nao Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sayyid Barghash aliutia saini chini ya shinikizo la Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo misheni ya Kianglikana ikaweka jiwe la msingi la kanisa lake papo hapo. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, mtu ambaye wapenzi wa lugha yetu wanamjua kwa hadithi za Unguja alizozikusanya na kuzichapisha mwaka 1870, na ambaye alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo. Waongozaji hupenda kuonyesha nguzo ndogo ambazo mafundi walizisimamisha kichwa chini, na msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Nje ya kanisa, ndani ya shimo, zimesimama sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998, ambayo kwa rai yangu ndiyo kitu cha kweli kuliko vyote katika uwanja ule, kwa kuwa haidai kuwa kitu kingine isipokuwa ukumbusho.

Kisha hushushwa wageni katika vyumba vya chini vya jengo jirani, vyenye dari fupi na madirisha kama nyufa, na huambiwa kwamba humo watumwa walisongamanishwa wakingoja mnada. Simulizi hiyo hutolewa kwa sauti ya huzuni, na wako watokao humo machozi yakiwalengalenga. Lakini jengo lenyewe ni la misheni, nalo lilijengwa baada ya soko kufungwa. Sisemi haya ili kupunguza uzito wa biashara ile, ambayo dhuluma yake ni yakini na ushahidi wake umejaa katika vitabu na katika nasaba za watu wa pwani yote. Nasema kwa sababu msiba wa kweli hauhitaji kupambwa, na siku mgeni atakapogundua kwamba chumba kimoja kilisingiziwa, atatilia shaka na soko lenyewe. Mwongozaji mwaminifu husema hivi: soko lilikuwa hapa, chumba hiki kilikuja baadaye, na anayetaka kuona mahali ambapo watumwa walifichwa kweli baada ya biashara kupigwa marufuku, na aende Mangapwani, kaskazini mwa mji, akatazame handaki lililochongwa katika mwamba karibu na bahari.

Kisiwa cha Changuu nacho huuzwa kwa jina la gereza, ingawa nyumba iliyojengwa huko mwaka 1893 kwa nia hiyo haikupata kufunga wahalifu, bali ilitumika kama karantini ya wasafiri wa merikebu. Wenyeji wake wa kudumu ni kobe wakubwa, ambao wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919.

Nje ya mji, safari ipendwayo ni ile ya mashamba ya viungo, Kizimbani na kandokando yake. Mkulima huchuma jani, hulifikicha, humpa mgeni anuse na kubashiri: mdalasini, mchaichai, karafuu, hupasua kungumanga kuonyesha basibasi nyekundu iliyoizunguka, kijana hukwea mnazi kwa kamba miguuni huku akiimba, na mwisho kila mtu huvishwa kofia ya makuti. Ni burudani njema, na mtoto wa shule wa Dar es Salaam hunufaika nayo kuliko Mjerumani, kwa kuwa pilau ya kwao huijua tangu utotoni bila kupata kuuona mti. Ila ni nadra kusikia shambani humo kwamba mikarafuu ambayo Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake hapa kutoka Maskati, aliamuru ipandwe kwa wingi, ilipandwa na kuchumwa na watumwa, na kwamba soko la Mkunazini na shamba la Kizimbani ni kisa kimoja kilichokatwa vipande viwili ili kiuzwe kwa tikiti mbili. Wala wageni hawaelezwi sana kwamba tufani ya mwaka 1872 iliangamiza mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika uongozi wa zao hilo hadi leo.

Katika safari hiyohiyo dereva akiombwa husimama Kidichi, kwenye hamamu ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, na akirudi njia ya pwani hupita magofu ya Maruhubi, yaliyoungua mwaka 1899, na ya Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, binti wa mfalme aliyetoroka mwaka 1866 akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuandika kumbukumbu zake huko ugenini.

Malalamiko yangu makubwa ni juu ya kile kinachorukwa. Kila mtembezi hupelekwa Shangani kutazama nyumba ya utotoni ya Freddie Mercury, aliyezaliwa mjini hapa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ingawa watu hubishana ni nyumba ipi. Lakini Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi sauti yake kwenye santuri na kuieneza taarabu ya Kiswahili pwani nzima, hutajwa kwa bahati. Kadhalika matembezi hukomea Darajani, penye soko la mwaka 1904, kana kwamba ng'ambo ya barabara hapakuishi mtu, ilhali huko Ng'ambo ndiko walikokaa wachukuzi, wapagazi, mafundi na wapishi walioutumikia mji wa mawe, na huko ndiko yaliko majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na kaburi la Mzee Abeid Amani Karume pale Kisiwandui.

Kwa hiyo wewe uvukaye kwa boti kutoka Dar es Salaam kuhudhuria harusi au kununua kanga, tenga nusu siku. Usimfuate papasi akudakaye bandarini. Tafuta mwongozaji mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, mwambie mzungumze Kiswahili, patana naye bei kabla hamjaanza, vaa nguo ya heshima, na mfikapo Darajani umwombe mvuke barabara.