Mashine ya Gemu Nyumbani: Je, Ina Thamani ya Fedha Yake?

Kwihara iko kilomita chache tu kutoka mjini Tabora. Wageni wengi hufika huko kuiona tembe alimokaa Dk. Livingstone mwaka 1872. Sisi tulifika kwa shughuli nyingine. Mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, alituita tumsaidie hesabu. Tulipokwisha kusalimiana na kuketi chini ya mwembe wake, alileta daftari la kikoba akalifungua mbele yetu. Baada ya mgawo wa mwaka na madeni kulipwa, zilikuwa zimebaki shilingi 300,000. Mumewe alitaka zinunue mashine ya gemu. Yeye alitaka bati za jiko, maana mvua zilikuwa zinakaribia.

"Mniambie ukweli," alisema. "Baba watoto ananiona mchoyo. Je, ni uchoyo?"

Akina mama wengi wanaotusoma wamekwisha kuulizwa swali hili na watoto wao, au na waume zao. Kwa hiyo tuliona tulijibu kwa utulivu, bila kuiita mashine hiyo kazi ya shetani na bila kuisifia kama watu wa dukani.

Hoja ya baba

Mzee wa nyumba hakuwa na hoja ya kitoto. Mwana wao wa miaka 13 kila atokapo shule hupitia kwenye banda la gemu, ambako vijana hulipia kila mechi ya mpira kwenye runinga. Mechi moja ni shilingi 300. Mara mbili fedha ya madaftari ilipotelea huko, na mara ya pili kijana alisema uongo.

"Tukinunua mashine, atacheza hapa, tunamwona," baba alisema.

Tulipiga hesabu pamoja. Mechi 3 kwa siku ni shilingi 900. Kwa siku 6 ni shilingi 5,400. Kwa mwaka mzima zinafika shilingi 280,800. Mashine kuukuu ya toleo la 3 waliyooneshwa mjini, pamoja na pedi 2, ilikuwa shilingi 300,000. Mama alinyamaza kidogo. Alikuwa hajawahi kuziona zile mia tatu zikiwa zimejumlishwa.

Hesabu haiishii dukani

Hata hivyo, bei ya mashine ni mwanzo wa gharama. Kuna diski za michezo, na pedi huharibika. Runinga lazima iwe na tundu linalopokea waya wake. Kuna kifaa cha kulinda umeme, na hapo sisi wenyewe tuna la kusimulia. Tuliwahi kumnunulia mpwa wetu mashine, tukaona kifaa hicho ni anasa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na mashine haikuwaka tena. Rahisi ghali. Vumbi la kiangazi nalo huziba matundu ya kupoza joto, kama mashine imewekwa chini na haifutwi.

Halafu kuna LUKU. Mashine ya toleo la 5 inaweza kula wati 200 hivi wakati wa mchezo. Maana yake saa 5 za kucheza humaliza yuniti 1, na hapo runinga bado hatujaihesabu. Kwa familia inayojibana isivuke kiwango cha umeme wa bei nafuu, hili si jambo dogo.

Shanga zisizopokelewa

Watu wa Kwihara wana somo la zamani katika jambo hili. Misafara iliyotoka pwani ililipa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Stanley, aliyefika hapa mwaka 1871 na mizigo yake, aliandika jinsi ilivyompasa kujua kila kabila linapenda shanga gani. Zile nyekundu za samisami zilipokelewa Unyamwezi. Zile nyeusi zilikuwa fedha huko Ugogo, lakini kwingine hazikununua kitu. Aliyekosea kuchagua alibebesha wapagazi mzigo wa bure.

Mashine hizi ziko hivyo. PlayStation ya kampuni ya Sony ilitoka Japani mwaka 1994, ya pili mwaka 2000, ya tatu 2006, ya nne 2013 na ya tano 2020. Diski ya toleo la 3 haichezi katika toleo la 4. Toleo la 5 hucheza nyingi za toleo la 4, lakini si za toleo la 3. Mnunuzi asiyejua hili hurudi nyumbani na shanga za Ugogo.

Tena, mashine nyingine hazina kabisa mahali pa kuingizia diski. Ile iitwayo PS5 Pro ilitolewa Novemba 2024 kwa dola 699.99 huko Marekani, nayo haikuwa na sehemu hiyo. Tukikadiria dola moja kuwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 1,750,000 kabla ya usafiri na ushuru. Mchezo ulio kwenye diski unaweza kuazimwa kwa jirani au kuuzwa ukichosha. Mchezo uliopakuliwa kwa intaneti hukaa na aliyeununua, na bando lililotumika kuupakua ni gharama nyingine.

Hongo ya kila mwaka

Wazee wa misafara walijua pia neno hongo, kwa maana yake ya zamani: malipo anayopewa mtawala wa njia ili msafara upite. Uliyoyalipa jana hayakukupitisha kesho. Ada za uanachama wa michezo ni za namna hiyo. Kwa PlayStation, anayetaka kucheza michezo mingi ya kulipia na watu walio mbali hutakiwa kuwa mwanachama. Septemba 2023 ada ya mwaka ya daraja la chini huko Marekani ilipandishwa kutoka dola 59.99 hadi 79.99, yaani karibu shilingi 200,000. Ukiacha kulipa, hata michezo uliyopewa kwa uanachama hufungwa.

Zaidi ya hayo, mwaka 2024 Tanzania haikuwamo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na mtandao huo. Wanaojiunga kutoka kwetu huandika kwamba wanaishi nchi nyingine. Mzazi ajiulize kama anataka mwanawe aanze mchezo kwa kuandika jambo lisilo kweli.

Habari njema ni kwamba watoto wawili wanaocheza mbele ya runinga moja hawahitaji ada yoyote.

Nguo ile ile, rangi mpya

Jambo lingine ni michezo ya zamani inayosafishwa picha na kuuzwa upya. Mchezo uitwao The Last of Us ulitoka mwaka 2013. Ulisafishwa na kuuzwa tena mwaka 2014. Mwaka 2022 ulitengenezwa upya, ukauzwa dola 70. Hadithi ni ile ile. Ni kama kuchovya nguo katika rangi na kuipeleka tena sokoni kwa bei ya mpya. Asiyewahi kuuona mchezo huenda akafaidi. Aliye na nakala ya zamani, sisi tunasema aicheze hiyo hiyo. Na kwa vyovyote huo si mchezo wa watoto.

Hapo mama utasaidiwa na alama iliyo kwenye boksi. Michezo iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na namba 3, 7, 12, 16 au 18, yaani umri unaofaa. Mchezo wa mpira huwa na namba 3. Lakini hata huo una mlango wa nyuma: mtoto anaweza kununua pakiti za wachezaji bila kujua ndani yake mna nani. Mwaka 2018 Ubelgiji ilizihesabu pakiti za namna hiyo kuwa kamari. Usiiweke namba ya kadi au ya simu yako ya fedha kwenye mashine.

"Nitacheza na nani?"

Tulikuwa tumefika hapo kwenye hesabu wakati kijana mwenyewe aliporudi. Alitusalimia kwa adabu, "Shikamooni," akaketi pembeni. Baba yake akamwuliza kama mashine ikinunuliwa ataacha kwenda bandani. Tulitarajia aruke kwa furaha. Yeye aliangalia chini.

"Hapa nitacheza na nani, baba? Wenzangu wote wako kule."

Hakuna aliyekuwa ameliweka hilo kwenye daftari. Kumbe kijana alikuwa anakwenda bandani kuwafuata wenzake, na mashine ilikuwa sababu ya kukutana nao.

Mama mmoja mwuguzi wa mjini Tabora alitupa upande wa pili. Yeye alinunua mashine kuukuu ya toleo la 4 miaka mitatu iliyopita, diski 4 tu, bila uanachama. Wanawe ni watatu, na marafiki zao huja Jumamosi baada ya kufua sare. "Najua nani amekuja, na saa ngapi ameondoka," alisema. Kwake fedha imerudi. Ila aliinunua kwa akiba, baada ya michango ya shule kulipwa, na pedi hukaa kabatini mwake siku za masomo. Hilo ni la busara, kwa sababu Shirika la Afya Duniani liliweka uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa mwaka 2019.

Tunavyoshauri

Bwana Yesu alisimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama (Luka 14). Nasi tunasema:

Usinunue toleo jipya kwa sababu limetoka. Kuukuu lenye diski linatosha watoto.

Ijaribu dukani, iwake nusu saa, na diski zako zichezwe mbele ya macho yako.

Usilipe uanachama wala mchezo uliosafishwa upya mpaka iliyomo ndani imechosha.

Fedha isitoke kwenye chakula, dawa, shule wala paa.

Muulize mtoto anachokifuata kule anakokwenda.

Mama wa Kwihara alinunua bati. Kijana sasa hupewa mechi mbili kila Jumamosi, kutokana na fedha anayoipata kwa kumsaidia mama kuuza asali, na deni la madaftari alilipa mwenyewe. Jumamosi ya kwanza baba alikwenda naye bandani akafungwa mabao 6 kwa bila, mbele ya watoto wa majirani. Amesema mgawo ujao wa kikoba ataleta tena hoja yake ya mashine. Mama amesema atamsikiliza.