Fahamu: "Gaslighting", neno lililozaliwa jukwaani

"Gaslighting", neno la Kiingereza ambalo kamusi ya Merriam-Webster ililitangaza kuwa neno la mwaka 2022, ni hila ya kumfanya mtu, polepole, atilie shaka kumbukumbu na akili zake mwenyewe. Chimbuko lake ni "Gas Light", tamthilia ya Mwingereza Patrick Hamilton ya mwaka 1938, iliyofanywa filamu Marekani mwaka 1944, ambamo mume huficha vitu vya nyumbani na kumshutumu mkewe kwamba ndiye aliyevipoteza, huku taa za gesi za chini zikififia kila anapowasha za ghorofani, anakotafuta vito kisirisiri. Ukatili huu, mzito hata bila kipigo, hauachi kovu la kuonyesha mahakamani. Hata hivyo, tangu 2015 sheria ya England na Wales huhesabu udhibiti wa kushurutisha baina ya wenzi, ambao hila hii huweza kuwa sehemu yake, kuwa jinai.