Lumbesa ya Bahati: Hesabu ya Dau la Juu katika Mashine za Kamari

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa kwa barabara kuu ya Zambia, akiisha kupita Mikumi na kuingia katika bonde lenye joto na mibuyu mingi, hufika Ruaha Mbuyuni kabla gari halijaanza kukwea Mlima Kitonga. Mahali hapo panasifika kwa vitunguu. Maji ya mto yameelekezwa mashambani kwa mifereji, miche hupandikizwa katika majaruba, na wakati wa mavuno magunia hupangwa kandokando ya barabara yakingoja malori ya wanunuzi wa mijini.

Katika biashara hiyo limo neno moja ambalo kila mkulima analijua, nalo ni lumbesa. Gunia likiisha kujaa, huongezewa kilemba cha vitunguu juu ya mdomo wake, kikakazwa kwa kamba. Sheria ya vipimo imekataza ufungashaji huo, lakini haujakoma. Tuseme gunia la kilo 100 lauzwa Sh. 100,000, na mnunuzi aja na ahadi ya Sh. 120,000 kwa lumbesa ya kilo 140. Kwa haraka mkulima huona amepata Sh. 20,000 zaidi. Lakini mwenye kalamu huuliza swali jingine: zile kilo 40 za kilemba zimeuzwa kwa bei gani? Jibu ni Sh. 500 kwa kilo, yaani nusu ya bei ya vitunguu vilivyo chini yake.

Swali hili la kilemba lafaa pia katika jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halina uhusiano wowote na kilimo. Mashine za kamari zimeenea nchini. Zile ndogo za sarafu, ambazo vijana wameziita dubwi (jina ambalo asili yake yafaa ichunguzwe na wataalamu wa lugha), huonekana mijini na hata katika vituo vya njiani. Zile kubwa humo katika kasino, na nyingine sasa huchezwa kwa simu ya mkononi. Usimamizi wake ni wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, nayo sheria hairuhusu mtu asiyetimiza miaka 18 kucheza. Baadhi ya mashine kubwa zina kitita kinachokua: sehemu ya kila dau hutengwa na kuongezwa katika zawadi moja kubwa, ambayo tarakimu zake hupanda mbele ya macho ya wachezaji mpaka atokee mtu wa kuichukua. Mara nyingi mchezaji hupewa hiari. Aweza kucheza kwa dau la kawaida, akapata zawadi ndogondogo tu; au aweza kubonyeza kitufe cha dau la juu, akalipa zaidi ili kitita nacho kiwe ndani ya uwezekano wake. Je, nyongeza hiyo ya dau inafaa kulipwa?

Picha zilizohesabika na picha zisizohesabika

Mashine ya magurudumu matatu ilibuniwa na Charles Fey mjini San Francisco, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Ilikuwa chombo cha chuma, chemchemi na meno, na katika chombo cha namna hiyo siri ni chache. Gurudumu likiwa na picha 10, magurudumu matatu hutoa mipangilio 10 × 10 × 10, yaani 1,000. Mchezaji mwenye subira angeweza kuzihesabu picha kwa macho na kujua kwamba mpangilio mmoja maalumu hutokea, kwa wastani, mara moja katika mizunguko 1,000. Mwenye mashine naye alibanwa na hesabu hiyohiyo, maana hangeweza kuahidi zawadi kubwa mno katika chombo chenye mipangilio michache.

Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1984, Inge Telnaes alipopata hataza ya Marekani kwa mashine ambayo mahali pa kusimamia magurudumu huchaguliwa na namba za nasibu zitokazo katika kompyuta. Magurudumu yaliyo mbele ya macho yakawa ni maonyesho tu ya uamuzi uliokwisha kufanyika. Picha inayoonekana mara moja katika gurudumu yaweza kupewa namba moja miongoni mwa mamia, na jirani yake ikapewa namba nyingi. Tangu hapo kuhesabu picha hakumwambii mchezaji lolote.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1986, mashine za Megabucks zilianza kazi katika jimbo la Nevada. Mashine nyingi zilizotawanyika katika kasino mbalimbali ziliunganishwa ili zichangie kitita kimoja. Humo hiari ya dau ni kali sana: mchezaji asiyeweka dau kamili la dola 3 hawezi kupata kitita, hata picha zote zikijipanga sawasawa. Mwaka 2003 mtu mmoja mjini Las Vegas alipata humo kitita cha dola milioni 39.7. Uwezekano unaotajwa mara nyingi na wachambuzi ni mzunguko mmoja katika karibu milioni 50. Msomaji akizidisha dola 3 kwa milioni 50 atapata dola milioni 150, na hapo ataona jinsi kitita kile kilichotikisa magazeti kilivyokuwa mbali na jumla ya madau ambayo kwa wastani huwekwa kabla kitita hakijatoka. Kweli, mashine hurudisha pia zawadi ndogo, na hizo hazina budi kuhesabiwa. Lakini hata kitita chenyewe hulipwa kwa mafungu ya mwaka kwa mwaka kwa muda wa miaka 25.

Mfano wa mashine moja

Ili jambo lieleweke, tuunde mashine ya mfano yenye namba rahisi. Dau la kawaida ni Sh. 200, na zawadi ndogo hurudisha, kwa wastani, Sh. 180 kwa kila mzunguko. Dau la juu ni Sh. 300. Zawadi ndogo hubaki zilezile, ila sasa uko uwezekano wa mzunguko mmoja katika 50,000 wa kupata kitita. Kwa hiyo Sh. 100 za nyongeza hununua kitu kimoja tu, nacho ni sehemu moja ya 50,000 ya kitita.

Njia ya kupima kitu cha namna hii ni kongwe. Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliijadili katika barua zao za mwaka 1654, na Christiaan Huygens akaichapisha katika kijitabu cha mwaka 1657: zawadi huzidishwa kwa uwezekano wake. Kitita kikiwa Sh. milioni 2, nyongeza ya Sh. 100 hununua kitu chenye thamani ya Sh. 40. Kikiwa milioni 3, thamani ni Sh. 60. Kikifika milioni 5, ndipo Sh. 100 hununua thamani ya Sh. 100 kamili. Chini ya hapo, mwenye kubonyeza kitufe cha dau la juu anapoteza zaidi ya yule wa dau la kawaida.

Wengi huishia hapo, wakasema kwamba milioni 5 ndiyo alama ya faida. Sivyo. Hiyo ni alama ya kilemba peke yake. Gunia lenyewe bado lina hasara ya Sh. 20 katika kila mzunguko. Ili mchezo mzima wa Sh. 300 urudishe Sh. 300, kitita hakina budi kutoa Sh. 120 kwa wastani, na hilo halitokei mpaka kifike Sh. milioni 6. Kati ya milioni 5 na milioni 6, dau la juu lina hasara ndogo kuliko dau la kawaida, nayo ni hasara hata hivyo. Na asiyecheza kabisa anawashinda wote wawili.

Upo mtego mwingine ulio mwembamba zaidi, na huu huwanasa hata watu waliosoma. Tuseme kitita ni Sh. milioni 4.8. Dau la juu hurudisha Sh. 180 na Sh. 96, jumla Sh. 276 katika 300, yaani asilimia 92. Dau la kawaida hurudisha Sh. 180 katika 200, yaani asilimia 90. Kwa kipimo cha asilimia, dau la juu ni bora. Lakini mfuko haujazwi asilimia. Mwenye dau la kawaida hupoteza Sh. 20 katika kila mzunguko, na mwenye dau la juu, mwenye asilimia bora, hupoteza Sh. 24. Tangazo lisemalo kwamba kitufe fulani kinarudisha sehemu kubwa zaidi laweza kusema kweli tupu, na bado likamtoa mtu fedha nyingi zaidi kwa saa.

Kilemba cha nani?

Sasa tumtazame mwenye mashine. Tuseme kitita kikiisha kuchukuliwa huanzishwa upya kwa mbegu ya Sh. milioni 1.5, na kila dau la juu hukichangia Sh. 40. Kwa wastani kitachukuliwa baada ya mizunguko 50,000, kikiwa kimefikia kiasi cha Sh. milioni 3.5. Kufika milioni 6 si jambo la kila mara; hutokea kama mara moja katika kila vitita kumi.

Katika kila Sh. 300 mwenye mashine hurudisha Sh. 180 kama zawadi ndogo, Sh. 40 huingia katika kitita, na Sh. 30 hugharimia mbegu, kwa sababu milioni 1.5 zikigawanywa kwa mizunguko 50,000 hutoa Sh. 30. Zinazobaki ni Sh. 50. Katika dau la kawaida zilizobaki zilikuwa Sh. 20. Basi ile nyongeza ya Sh. 100, kwa wastani, hurudisha kwa wachezaji Sh. 70 na kumwachia yeye Sh. 30, ilhali kila Sh. 100 za dau la kawaida humwachia Sh. 10 tu. Yeye hashughulishwi na ukubwa wa kitita siku hii au ile. Mapato yake ni yaleyale kikiwa milioni 2 au milioni 7. Anayecheza kitita kikiwa kikubwa hapati fedha za mwenye mashine, bali za wale waliocheza kabla yake kikiwa kidogo.

Huenda mtu akasema: nitangoja kipite milioni 6, ndipo nicheze. Kwa hesabu ya wastani hakukosea. Tumfikirie kijana aliyemaliza kibarua cha kuvuna vitunguu, akalipwa Sh. 60,000, akakikuta kitita kikiwa Sh. milioni 7. Kila mzunguko sasa una faida ya wastani ya Sh. 20. Lakini faida hiyo yote imefungwa ndani ya kitita. Asipokipata, kila mzunguko humla Sh. 120, na fedha zake zitatosha mizunguko kama 500. Uwezekano wa kukutana na kitita ndani ya mizunguko 500 ni kama asilimia moja. Vijana mia wakifanya kama yeye, tisini na tisa watatoka mikono mitupu, nao watakuwa wamecheza wakati ambapo hesabu iko upande wao! Daniel Bernoulli alieleza mwaka 1738 kwamba thamani ya fedha kwa mtu hutegemea alicho nacho: shilingi ya mwisho mfukoni, ambayo ingelinunua daftari la mdogo wake, ina uzito kuliko shilingi ya milioni ya saba.

Na hesabu hii yote imefanyika kwa sababu namba zimetajwa. Katika mashine halisi, namba inayoandikwa kwa taa kubwa ni ya kitita. Ile nyingine, moja katika 50,000, haipo juu ya kioo, wala haiwezi kuhesabiwa kwa kutazama picha tangu mageuzi ya mwaka 1984. Mkulima wa Ruaha Mbuyuni akiwa na shaka juu ya lumbesa anaweza kudai mizani. Mchezaji hana mizani ya kudai.

Jaribio la darasani

Liko kosa moja ambalo maelezo peke yake hayaliondoi, nalo ni imani kwamba kitita kisichotoka kwa muda mrefu kimekaribia kutoka. Mashine haikumbuki mzunguko uliopita. Hata baada ya mizunguko 50,000, uwezekano kwamba kitita hakijatoka hata mara moja ni kama asilimia 37, na mzunguko ufuatao una nafasi ileile ya moja katika 50,000.

Mwalimu wa hisabati anaweza kulionyesha hili kwa dadu mbili. Sita mbili kwa pamoja hutokea, kwa wastani, mara moja katika mirusho 36. Kila mwanafunzi na arushe mara 36 na kuandika matokeo. Katika darasa la wanafunzi 40, kama kumi na wanne au kumi na watano hawataziona sita mbili hata mara moja. Hao na waendelee kurusha mara 36 nyingine, wakiwa wameandika kwanza katika daftari kama wanaamini kwamba sasa zamu yao imekaribia. Watano hivi watamaliza mirusho 72 bila kuziona.