Rufaa ya mgonjwa: kutoka Dindira hadi Moshi (Sehemu ya Pili)

Dindira iko juu na hospitali iko chini. Kata hiyo ya wilaya ya Korogwe imekaa katika milima ya Usambara, kwenye chai na misitu, kwa hiyo mgonjwa wa huko akipewa rufaa huanza kwa kuteremka. Masika yakikolea, barabara ya udongo hugeuka utelezi, na hata dereva wa bodaboda aliyezaliwa hukohuko hufikiri mara mbili kabla ya kumpakia mjamzito.

Sehemu ya kwanza ilifuata rufaa ya mahakamani. Hii inafuata ile ya hospitali, ambayo watu wengi huikuta mapema zaidi maishani.

Ngazi zenyewe zinafahamika. Chini kabisa kuna zahanati, kisha kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, yaani MMAM wa mwaka 2007 hadi 2017, uliweka lengo la zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata na hospitali kila wilaya. Kwa watu wa Korogwe, hospitali inayotajwa zaidi ni Magunga, iliyopo mjini. Ugonjwa ukiishinda Magunga, mgonjwa anapelekwa Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo jijini Tanga. Bombo nayo ikishindwa, zinabaki KCMC ya Moshi, hospitali ya kanda ya kaskazini iliyofunguliwa mwaka 1971, au Muhimbili ya Dar es Salaam.

Ukiitazama ramani, ngazi hizi zina kichekesho chake. Kutoka Korogwe mjini hadi Tanga, kupitia Segera, ni karibu kilomita 100 kuelekea mashariki. Moshi iko kaskazini-magharibi. Basi mgonjwa anayetumwa Bombo, kisha akatakiwa Moshi, anarudi kwa barabara ileile na kupita Korogwe kwa mara ya pili kabla ya kuanza safari yenyewe. Mpangilio wa ngazi ulifuata mikoa na kanda, haukufuata barabara.

Tofauti kubwa na mahakama iko kwenye karatasi. Mkulima wa Handeni akikata rufaa ya shauri lake, jalada ndilo linalopanda: mahakama ya juu huliitisha na kulisoma, na mwenye shauri anaweza kubaki shambani hadi siku ya kuitwa. Hospitalini anayepanda ni mtu mwenyewe. Jalada hubaki nyuma, na kinachosafiri ni fomu moja ya rufaa. Ikiwa imejazwa ovyo, daktari anayempokea mgonjwa anaanza upya: alipewa dawa gani, saa ngapi, presha ilikuwa ngapi, uchungu ulianza lini.

Swali gumu zaidi ni la wakati: mtu atumwe lini? Hakuna mahali swali hilo lilipojibiwa kwa ufundi zaidi kuliko kwenye chumba cha kujifungulia. Mwaka 1972 madaktari wawili, Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi Salisbury, mji ambao leo ni Harare, walichapisha mchoro wa kufuatilia uchungu wa mama. Kliniki za pembeni ziliendeshwa na wakunga, na madaktari walikuwa mbali. Mchoro ulikuwa na mistari miwili. Wa kwanza, wa tahadhari, unapanda kwa kadiri ya sentimita moja ya kufunguka kwa mlango wa kizazi kila saa. Wa pili, wa kuchukua hatua, upo saa nne mbele yake.

Kwa nini saa nne? Kwa sababu mama anahitaji muda wa kusafirishwa. Mchoro ukivuka mstari wa kwanza, mkunga anaanza kutafuta usafiri. Unapofika wa pili, mama anapaswa awe tayari mahali penye upasuaji na damu. Umbali wa barabara ulikuwa umechorwa ndani ya karatasi ya tiba. Mchoro huo, patografu, ulienea duniani kupitia Shirika la Afya Duniani na kufundishwa kwa vizazi vya wakunga wa Tanzania. Mwongozo mpya wa shirika hilo, wa mwaka 2020, umeiacha mistari yote miwili kwa kuwa si kila uchungu huenda kwa kasi hiyo. Kwa zahanati ya mlimani, hata hivyo, hesabu ya saa za njiani haijafutika.

Lakini mkunga hatumi peke yake. Utafiti uliofanywa Rufiji na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mjamzito akishauriwa kwenda hospitali, neno la mwisho mara nyingi ni la mume na ndugu, nao hupima nauli, chakula cha msindikizaji na nani atabaki na watoto. Si ukaidi. Rufaa inaihamisha nyumba nzima kwa siku kadhaa.

Wapo pia wanaoziruka ngazi. Huko Kasulu, mkoani Kigoma, watafiti waliripoti mwaka 2009 kwamba zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi waliojifungulia kwenye vituo vya tiba walikipita kituo cha karibu na kwenda cha mbali. Wakubwa wa afya hulilaumu jambo hilo, ingawa mama anayejua kwamba zahanati yake haina chumba cha upasuaji amefanya hesabu isiyo ya kipumbavu.

Kwa dharura za wajawazito na watoto wachanga kuna m-mama, mfumo ulioanzia kanda ya ziwa na kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Simu hupigwa bure namba 115. Gari la wagonjwa lisipopatikana, anaitwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Ni mpango wenye akili, maana haungoji kila kata ipate gari lake.

Kilicho dhaifu bado ni safari ya kurudi. Kanuni inataka hospitali iliyompokea mgonjwa imrudishe na majibu kwa yule aliyemtuma. Mama wa Dindira aliyefanyiwa upasuaji Magunga ana kovu kwenye mfuko wa uzazi, na mimba ijayo haifai kuishia zahanati. Anayepaswa kumwambia hivyo, kuanzia hudhurio la kwanza la kliniki, ni mkunga wa mlimani. Bila majibu kutoka chini, mkunga huyo anabaki na kadi ya kliniki, kama haikupotea, na kumbukumbu ya mama mwenyewe.

Sehemu ya tatu itahusu rufaa za nje ya nchi: safari za India, na kilichobadilika tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015 na Muhimbili ipandikize figo kwa mara ya kwanza mwaka 2017.